Chupa ya Marashi kwa Muuza Betri

Juzi nilikuwa dukani kwa muuza betri, Matrah, huku Omani. Mbele yangu bwana mmoja, mtu wa Unguja kama sisi, alitoa chupa tupu ya marashi mawardi akaiweka mezani.

"Ami, nijazie tindikali humu. Nna betri mpya ya redio, bado kavu."

Muuzaji aliinusa. "Hii ya marashi."

"Nshaiosha."

"Sikuulizi usafi. Mgeni akija kwenu, nani humnyunyizia marashi?"

"Mama."

"Anaona vizuri?"

Bwana yule alisita. "Macho yameshamchoka. Chupa anaijua kwa kuipapasa."

Muuzaji alikunja mkono wa kanzu, akamwonyesha kovu refu linalong'ara. Kisha akasema kwa upole, "Ilete betri hapa hapa, niijaze mwenyewe."

Bwana akairudisha chupa kifuani taratibu, kama aliyeshika mtoto mchanga.

Moyoni nilimlaumu sana kwa uzembe wake. Zamu yangu ilipofika, nami nikaomba tindikali. Muuzaji akaniuliza, "Na wewe, chombo chako kiko wapi?"

Nikasema nimekisahau nyumbani. Kilikuwa kikapuni, chini ya vitunguu: chupa ya sharubati, ile ile wanayoigombania wanangu.