Dakika ya Baba

Siku ile naikumbuka, mwanangu, mpaka leo kila nikishika bisibisi. Nilikuwa kijana hapa Kitengela, simu za mkononi zimeingia na kila mtu anatupa saa yake. Mimi nikaokota. Saa za namba, zile za plastiki nyeusi na za mkanda wa chuma, nilikuwa nazo mkebe mzima wa majani chai. Eti fundi! Na nani alinifunza? Hakuna.

Niliyoitamani zaidi ilikuwa ya marehemu baba. Yeyo, mama yangu, aliiweka kwa kikapu chake nyumbani Kajiado. Hakujua kusoma namba. Lakini kila jioni ililia vile baba aliitegesha, na Yeyo aliinuka akisema, "Huyo ameniita," akaenda kufungulia ndama. Miaka mitatu tangu tumzike, hakukosa siku moja.

Asubuhi moja nikaichukua, nikamwambia naenda kuisafisha tu. Kufungua kifuniko, betri imeanza kuvuja. Betri ikivuja inakula saa yote, kwa hivyo nikaing'oa haraka. Kioo kikawa kitupu. Nikaweka mpya: namba zikaanza upya, na wakati wa kulia umefutika. Mungu wangu! Ilikuwa inalia saa ngapi na dakika ngapi? Sikuwahi kuangalia. Mzee alikuwa amebaki hapo tu, kwa dakika moja, na mimi nimemfuta.

Badala ya kusema ukweli, nikategesha saa kumi na moja kamili, nikairudisha. Nikakaa karibu na Yeyo na kikombe cha chai, nikingoja. Ikalia. Yeyo hakuinuka. Aliangalia kivuli cha nguzo ya lango, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu si baba yako," akasema. "Umemfanya nini?"

Njia ya mwongo ni fupi. Nikaeleza yote nikilia, mtu mzima na ndevu zake. Hakunipigia kelele, afadhali angenichapa.

"Ungeniuliza," akasema. "Namba sijui, lakini najua kivuli kinafika wapi akiita. Kaa hapo."

Tukakaa. Kivuli kikatambaa polepole mpaka kwa jiwe la kukalia. Saa nimeishika mkononi.

"Sasa."

Nikasoma: saa kumi na moja na dakika ishirini na tatu. Nikategesha. Kama nilikosea dakika moja au mbili sitajua kamwe, na hiyo inanisumbua mpaka leo.

Basi wewe unayekusanya saa kuukuu, sikia. Kitu cha marehemu usikifungue kabla hujamuuliza anayeishi nacho. Kuuliza si ujinga. Andika kila kitu kabla ya kung'oa betri. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, maana majuto ni mjukuu.

Mungu akupe mkono uliotulia. Na siku utakapokuwa hupo, awepo mtu wa kuinuka ukiita. Sisi wa huku tukibarikiwa hujibu "Naai", yaani Ee Mungu, na iwe hivyo. Haya, jibu, mwanangu.