Mistari Meusi Usoni mwa Baba

Baba alifariki bila kuacha picha hata moja, ila alikuwa anatembea ndani ya mkanda wa video. Mwenye banda la video pale Kibingo alimrekodi kwenye harusi ya binamu yangu, na mkanda huo aliuonyesha kila Jumapili mchana kabla ya filamu za mapigano. Watu wa kwetu Kimuli walilipa kiingilio, wakamwona baba yangu. Mama, aliyekuwa hawezi tena kutoka kitandani, hakuwahi kumwona humo.

Nilikwenda kuomba nakala.

"Mwalimu," mwenye banda aliniambia, "mkanda huu ukitoka hapa, kesho uko kwenye mabanda ya Kamuli, kesho kutwa Kayanga. Nitabaki kuonyesha nini?"

Nilimbembeleza, nikamtajia ugonjwa wa mama. Akasema pole. Pole ile ilinichoma kuliko tusi, na hapo hapo, mimi mwalimu wa dini, nikaamua kuiba.

Niliazima kamera ya video kwa jirani aliyekuja likizo kutoka Bukoba, nikaificha ndani ya koti, jicho lake likichungulia penye vifungo. Jumapili nikalipa kiingilio, nikaketi mbele. Baba akatokea kwenye televisheni na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akiwakaribisha wageni mmoja mmoja kama desturi yetu inavyotaka. Nilitamani kumwita. Kamera sikuthubutu kuitazama hata mara moja.

Siku hizi nasikia kuna wahandisi wanaobuni skrini za sinema makusudi, ili anayerekodi kwa siri aambulie picha zilizochafuka. Televisheni ya Kibingo ilikuwa kuukuu, na haikuhitaji mhandisi.

Nyumbani hatukuwa na televisheni, kwa hiyo nilimshikia mama kamera naye akaweka jicho kwenye kitundu cha kutazamia. Alitabasamu. Kisha akashtuka.

"Mwana wange, mbona wanamfunika?"

Nikachungulia. Mstari mpana mweusi ulishuka juu ya picha, ukaufunika uso wa baba, ukapita. Mwingine ukafuata, na mwingine tena. Niliona aibu. Nikamweleza kwamba ni mitambo tu, kwamba kamera na televisheni hazikupatana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaisukuma kamera pembeni.

"Zima," alisema. "Nilimfunika uso mwenyewe siku alipofariki, kwa mikono yangu hii. Mara moja inatosha."