Walioliwa na Ntumba

Mungu alipogawa sauti, wengine walikwenda na kijiko. Mado wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, alikwenda na sufuria. Alipika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, akakiuza mbele ya nyumba yao ya kampuni, na mteja aliyekuja na kiu aliondoka ameshiba maneno. Mumewe Stany, fundi wa magari ya mgodi, alikuwa kinyume chake: mpole, mnyamavu, na mfuko wa ovaroli yake haukukosa karanga. Akitafuna alikuwa na udhuru wa kutosema, na ndoa yao ilikwenda vizuri hivyo.

Ukuta kwa ukuta nao alikaa Ntumba, mjane, aliyezaliwa palepale Kapata na wazazi waliotoka mkoa wa mbali wa Kasai. Baba yake na baba wa Mado walichimba pamoja ujanani, wakawa watani, na utani unarithiwa kama pua, huna pa kuurudisha. Mtani ana ruhusa ya kukutukana bila kosa. Ana kazi moja nzito pia: ukifiwa, yeye ndiye huja matangani amevaa nguo za marehemu, akamwiga mwendo na maneno mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Bila kicheko hicho, wazee walisema, kilio kinabaki nusu.

Basi kila asubuhi bombani Mado aliweka ndoo chini na kupaza sauti.

"Mulozi! Umeamuka? Usiku umekula nani?"

Mulozi ni mchawi, na mchawi hula watu, kila mtoto alijua hivyo.

"Nimekula bwana yako," Ntumba alijibu bila hata kugeuka. "Nyama muzuri, lakini ilipunguka munyu."

Foleni nzima ilicheka, hata waliokwisha kuyasikia maneno hayo mara mia. Ilikuwa chai yao ya asubuhi.

Kisha mambo yakaharibika. Mgodi ulianza kuzimika idara kwa idara, unga wa kampuni ukachelewa, halafu ukakoma. Watu wenye njaa wakionyeshwa wa kumlaumu hawaulizi maswali mengi. Vijana wa chama cha siasa cha mkoa wakawa wanapita wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao, wakiwaita bilulu, wadudu. Warudi kwao wapi, ikiwa mtu alizaliwa kitanda kilekile ulichozaliwa wewe? Bombani watu wakachota maji kimya, na hata Mado akateka yake akaenda zake, uso chini. Aliona haya, lakini aliogopa zaidi.

Mkuu wa mtaa, Mzee Mukalay, au Tata kama walivyomwita, alikuwa na shemeji asiye na nyumba, na nyumba ya Ntumba ilimkaa machoni. Asubuhi moja bata wote wa Mukalay walikutwa wamekufa. Mukalay hakulia sana. Alitangaza kwamba mtaani kuna mchawi, na kwamba Jumapili baada ya misa watu wakutane kwenye uwanja wa mpira ili atajwe. Mtaa wa pili walikuwa wamemtaja mama mmoja namna hiyo, na vijana walimpiga mawe mpaka akafa.

Jumamosi akaja kwa Mado, akaketi, akaomba munkoyo.

"Mama Mado, weye njo shahidi yangu. Miaka yote si ulikuwa unamwita mulozi? Bantu bote balisikia."

"Tata, ile ilikuwa utani."

"Utani na bilulu iliisha. Neno inabakia. Kesho utaisema vile ulikuwa unaisema, na Stany atakuwa chef wa garage, mukubwa wa mafundi bote. Ukikataa, tutajua mulozi iko na mwenzake."

Alikunywa mpaka tone la mwisho, akasema aksanti, akaenda. Adabu hakukosa.

Mado akabaki akipiga hesabu. Akisema ndiyo, Ntumba amekufa. Akisema hapana, ni uongo, maana kweli alisema, na watakuwa wawili wa kupigwa mawe. Akamgeukia mumewe. Stany alitafuna karanga zake muda mrefu.

"Mi sijuake kusema," alisema mwishowe. "Weye njo unajua. Sema yote tu, isibakie nusu."

Jumapili jua lilikuwa kali. Ntumba alisimamishwa katikati ya uwanja na gauni lake la kanisani, vijana na fimbo zao pembeni, Mukalay juu ya kiti alichobebewa kutoka nyumbani. Mado akaitwa. Mdomo uliokuwa haujawahi kukauka ukakauka. Akamtazama Ntumba akitarajia kuona machozi. Hakuyaona. Ntumba alipandisha nyusi moja tu, vilevile kama bombani alipokuwa akingoja atukanwe.

Roho ya Mado ikarudi mahali pake, na sauti nayo.

"Ni kweli!" alipaza. "Nilisema huyu mama ni mulozi! Na leo nitasema yote, isibakie nusu. Alikula bwana yangu! Mara mingi! Akasema ilipunguka munyu!"

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Mwingine akaziba pua.

"Alikula Mwalimu Kalumba, lakini kichwa akatupa, ilijaa chaki! Alikula Tata Mukalay siku ya ndoa yake, tumbo ikamuuma wiki muzima! Sasa, Chef, kesi ya mulozi inataka maiti. Bale balikuliwa basimame, tubaone!"

Hakuna aliyesimama. Hapo Mado akajua woga hasa ni nini: ni uwanja uliojaa watu unaowajua kwa majina, na kila mmoja anatazama viatu vyake. Mukalay akaanza kutabasamu.

Nyuma kabisa mtu akainuka. Alikuwa Stany, mashavu yamejaa. Kwanza alimeza, na haikuwa kazi rahisi. Akafuta mdomo.

"Mi nilishaka kufa," alisema. "Balinikula."

Akabaki wima, mikono pembeni, mtu aliyekuwa karibu kupata cheo.

Kicheko cha kwanza kilimtoka bibi mmoja asiye na meno, na alipoweza kupumua alisimama naye: "Na mi! Lakini mi nilikuwa mugumu!" Mwalimu Kalumba akainuka akishika kichwa chake kuhakikisha kipo. Wakasimama wapiga kwaya, wakasimama wateja wa munkoyo, mtaa mzima wa marehemu. Mwisho akasimama Huguette, mke wa Mukalay mwenyewe.

"Na mi, mara mbili! Na bata, tata, ulisahau kubapatia maji."

Hata vijana wakacheka, na mtu anayecheka kwa kushika mbavu hawezi kushika fimbo. Mukalay alitazama kulia, akatazama kushoto. "Bon," alisema. "Kikao imeisha." Kiti akakibeba mwenyewe.

Mado alikuwa na furaha kiasi kwamba alimbusu Stany mbele ya padri. Stany hakupata cheo. Walimshusha akawa anaosha malori, na Mado alilisimulia hilo kwa majivuno makubwa kuliko mke yeyote wa bosi.

Zile nyimbo za kufukuza watu hazikukoma kwa sababu ya kicheko cha Kapata. Haukupita muda, watu wa Kasai wakasukumwa stesheni, na Ntumba pamoja nao. Lakini alikwenda hai, na godoro lake na vyungu vyake, na marehemu wote walimbebea mizigo wakiimba. Treni ilipoanza kuvuta Ntumba alitoa kichwa dirishani, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia kutukana. "Mulozi! Sasa utakula nani?" Mado alikimbia kando ya treni mpaka jukwaa likaisha.

Miaka ikapita. Stany alikufa alivyoishi, bila kelele. Watu walikuja matangani, waliimba, walilia vizuri, lakini hakuna aliyevaa ovaroli yake, kwa kuwa mwenye haki ya kuivaa alikuwa mbali. Ikabaki imetundikwa nyuma ya mlango. Mado akaendelea kuuza munkoyo, ila sauti ikawa ya kijiko.

Siku moja mchana taxi-moto, pikipiki ya abiria, ikasimama mbele ya nyumba, akashuka bibi kizee mwenye vumbi la safari mpaka kwenye kope. Hakusalimu. Alimpita Mado, akaingia ndani kama kwake. Alipotoka alikuwa amevaa ovaroli ya Stany, miguu yake ya suruali ameikunja mara tatu, mabega ameyashusha, mashavu yamejaa karanga. Akatembea polepole mpaka mbele ya Mado, akasimama wima, mikono pembeni, akameza kwa shida, akafuta mdomo.

"Mi nilishaka kufa," alisema Ntumba.

Mado alicheka, akalia, akacheka tena, kwa sauti ya sufuria nzima, hata majirani wakatoka mbio kuona nani anauawa.

"Mulozi," alisema alipoweza kusema, "ulikawia wapi?"