Yowe la Levina

Kija aliishi kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kuanzia Chita hadi viunga vya Ifakara, bonde zima, aliwalimia watu mashamba ya mpunga, na kila alikokwenda alipokelewa kwa utani wenye miiba: "Msukuma, ng'ombe wako wamelishwa shamba la nani leo?" Alicheka, akashika jembe. Basi Maximilian, kijana aliyetoka chuo na kamera yake, alipomtaka awe zimwi kwenye filamu, hakushangaa.

"Kwa nini mimi? Kwa sababu ni Msukuma?"

"Kwa sababu una kimo, kaka. Ni hadithi ile ile ya zimwi tuliyosimuliwa utotoni, ila sasa na watu wa kweli. Na zimwi letu linaonewa. Watu watalililia."

Hilo lilimgusa. Akakubali kushonewa ngozi ya ng'ombe mwilini na kuvishwa kinyago cha magunia, kilichofungwa kwa waya kisogoni.

Alasiri hiyo walipiga picha kando ya mashamba. Zimwi lilitoka kwenye matete, likamkamata Levina, mwigizaji mwenzake. Levina akalia kidogo.

"Uko kwaya?" Maximilian alifoka. "Piga yowe, dada!"

Levina akapiga yowe lenyewe, lile refu ambalo bondeni hupigwa kwa simba, mwizi au maiti, na anayelisikia asitoke hutengwa na kijiji. Hakuna aliyekuwa amewaambia wavunaji wa jirani kwamba ni mchezo.

Walikuja mbio na miundu na mapanga. Mpini wa jembe ulimpiga Kija nyuma ya goti, akaanguka. Panga likapasua ngozi ya ng'ombe, kisha ya bega lake. Alipopeleka mkono kwenye waya, mtu akauvunja kwa rungu. Alipiga kelele kwamba ni filamu. Magunia yakaigeuza sauti kuwa ngurumo.

"Ni picha tu, jamani!" Levina alilia, akasukumiwa topeni. Maximilian akapigwa teke la tumbo.

Maumivu yakamrudisha Kija kwenye lugha ya mama yake, akamwita mama. "Mayo! Mayo wee!"

"Kumbe Msukuma!" mtu akasema, na mapigo yakaongezeka, sasa kwa furaha.

Mundu ukachana magunia kuanzia nyusi hadi taya. Uso ukatokeza, damu tupu. Mzee Fulgensi, mmoja wa wavunaji, aliyekuwa ameinua panga, akasita.

"Acheni! Huyu ni Kija! Ndiye aliyenilimia!"

Wakaacha. Kija akatema jino.

"Shikamoo, mzee."

Fulgensi akaangusha panga.

"Ungekuta ni Msukuma mwingine," Kija akauliza, "ungemmaliza?"

"Mwanangu, tulisikia yowe."

"Nimekuuliza, mzee."

Levina alikuwa amepiga magoti, akifungua waya kisogoni. Fulgensi aliwatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa akitazama pengine. Akavua shati, akaanza kulifunga kwenye bega la Kija.