Vyombo vya Wageni

Mimi si mtu wa kutulia, na wiki ile ya majaribio hotelini ndiyo kabisa. Usingizi ulipaa, chai haishuki, mwili uko nyumbani Ujiji roho iko kazini Kigoma mjini. Dada msimamizi alikuwa ameshanipa neno lake la mwisho: Jumatatu nikionekana bado nabeba sahani moja moja, kazi anapewa mwingine.

Siku ya kwanza alitufundisha neno la Kiingereza, crockery. Akapanga mezani sahani, bakuli, vikombe na visosi vyake, birika la chai. Hivi vyote vya udongo ndiyo crockery, akasema. Glasi haimo, uma na kisu havimo, sufuria ndiyo usiseme kabisa. "Nikisema leteni crockery, mtu asije akaniletea vijiko!" Wenzangu wakacheka. Mimi neno nilishalielewa. Mikono ndiyo ilikuwa imekufa ganzi, maana vyombo vya namna ile nyumbani nilizoea kuviona nyuma ya kioo tu.

Kwetu vyote ni vyombo. Ila mama ana mgawanyo wake, na hauulizi kimetengenezwa kwa kitu gani, unauliza anakula nani. Sahani za bati na za plastiki ni zetu. Za udongo, zenye maua ya bluu ukingoni, ni za wageni. Baba ndiye aliyemnunulia, miezi michache kabla hajafariki. Zinakaa kwenye kabati la sebuleni, na ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga. Utotoni nikisogea tu pale nasikia sauti kutoka uani, "Wee! Mkono huo!" Sasa mtu aliyelelewa hivyo unamwambia abebe sahani tatu kwa mkono mmoja? Za hoteli nilizishika kwa mikono yote miwili kama nimepakatishwa mtoto mchanga, na samaki wa watu wakapoa.

Jumamosi baada ya kazi nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Nikatazama video kwenye simu, nikajaribu uani na sahani za bati. Wapi! Bati jepesi, unalishika vyovyote, halikufundishi kitu. Nikakaa, nikasimama, nikazunguka jiko mpaka mama, aliyekuwa anakaanga samaki aina ya migebuka, akachoka.

"Una nini wewe? Unanizungusha kichwa."

Nikamwambia yote. Kwamba kazi inaniponyoka, na kwamba naomba afungue kabati.

Akaepua kikaango, akanawa mikono, akafungua pindo la kanga.

Ya kwanza nikaibana kwa dole gumba, ya pili nikaipitisha chini yake kwenye vidole, ya tatu akaniwekea mwenyewe juu ya mkono, karibu na kiwiko. "Tembea." Nikatoka sebuleni hadi uani, nikarudi salama. Basi nikapata kichwa. Nikaongeza mwendo, nikageuka mlangoni kwa madaha, ile ya tatu ikateleza. Paa! Sakafuni.

Lahaula! Nikafumba macho nikisubiri mvua ya maneno. Nilipofumbua, mama alikuwa amechutama anaokota vipande kimoja kimoja. Niliumia, jamani. Afadhali angenipiga.

"Nisamehe, mama. Basi, naacha. Nitatafuta kazi nyingine."

"Unaacha nini?" Sasa ndiyo hasira zikaja. "Nimekuuliza, unaacha nini?"

Akaviweka vipande dirishani. Akaenda kabatini, akatoa sahani nyingine, akaifuta kwa kanga ingawa ilikuwa safi, akaniwekea palepale karibu na kiwiko.

"Beba," akasema. "Zikiisha sahani, vikombe bado vipo."