Abiria wa Behewa la Mwisho

Karibu kila Jumapili hupanda treni yetu ya watoto hapa vilimani Buda, mwanamume mzima asiyeandamana na mtoto, na hilo pekee lilinikosesha raha. Hukaa behewa la mwisho, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, anabangua mbegu za maboga na kuzitia mfukoni bila kula hata moja. Msitu hautazami. Humtazama Boróka, binti anayekagua tiketi, na zamu yake ikifika hukohoa kidogo, kisha humpa tiketi kwa mikono miwili. Huku kazi zote ni za watoto isipokuwa kuendesha injini, hata ile ya kupigia saluti kila treni inayoondoka. Mimi ni msimamizi wao tu, ingawa wote huniita shangazi, lakini macho ninayo.

Jana nilimvamia humo behewani. "Wewe bwana, unamwinda nani? Shuka kabla sijaita polisi!"

Akanywea, akaanza kuokota maganda yake. Boróka akanivuta mkono.

"Shangazi Ildikó, mwache. Ni baba."

"Baba yako? Mbona hata hamsemeshani?"

"Nikiwa na sare siruhusiwi kupiga soga na abiria." Akashusha sauti. "Mahakama imempa Jumapili moja kwa mwezi ya kuwa nami. Hizo nyingine anakata tiketi."

Yule baba akachota mbegu mfukoni, akammiminia kiganjani.

Nikashuka. Treni ilipoondoka nilipiga saluti pamoja na watoto, na mkono sikuushusha mpaka behewa la mwisho lilipopita.