Mikono ya Bibi Wankyo

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alianza kutetemeka mikono kama marehemu bibi yetu.

Sisemi alifanana naye. Nasema mikono ilikuwa ileile. Kikombe cha uji kinagonga meno, uji unamwagika kifuani, halafu mtoto anakiangalia kikombe kama kimemtukana.

Anaitwa Lilian. Ana miaka minne.

Bibi Wankyo alikufa hivyohivyo, palepale nyumbani, Kiabakari. Maisha yake yote aliosha dhahabu. Mwishoni alikuwa analishwaga kwa kijiko, watu wakasema karogwa. Nilikuwa darasa la tano. Mimi sisahaugi.

Mama alipomwona mjukuu, akasema bibi anadai jina.

Kwetu mtoto akiumwa bila sababu, unatafuta marehemu gani wa ukoo anataka jina lake liitwe. Tukaenda Bunda, Kabasa, kwa mjomba Baltazari. Mbuzi akachinjwa, Lilian akaitwa Wankyo. Tukakaa huko wiki kadhaa.

Mikono ikatulia.

Na ubishi wangu wote, na mimi nikaanza kumwita Wankyo.

Mama akawa mtu mwingine. Asubuhi anapiga goti mbele ya mtoto, "Shikamoo mama." Katoto kanajibu, "Marahaba." Anakasimulia nani kaolewa, nani kafa, ng'ombe gani kazaa. Sijawahi kumwona akicheka vile.

Tukarudi Kiabakari. Haikuchukua muda, kikombe kikaanza kugonga meno tena.

Safari hii mtoto alikuwa analia kwamba mdomoni ana kijiko. Unafungua mdomo, hakuna kijiko.

Mama akasema bibi kakasirika, anataka ng'ombe. Nikambeba mtoto kwenda hospitali Musoma. Mama akanifuata hadi barabarani, eti nikimtoa pale nitakuwa nimemuua Bibi Wankyo mara ya pili.

Daktari alimwangalia fizi, akamwangalia vidole, akasikia habari ya ile ladha ya kijiko mdomoni, akauliza.

"Kwenu mnachoma zebaki?"

Nikasema hapana, aliyekuwa anachoma ni bibi, zamani.

Halafu nikamkumbuka shemeji yangu Danford, baba wa mtoto.

Danford ananunua kompyuta na simu zilizokufa, ofisi zinapoziondoa kwa bei ya chakavu. Alisikia ndani kuna dhahabu. Ni kweli ipo, kiduchu. Sasa yeye kazaliwa machimboni, akafanya anachokijua: anatwanga zile bodi za ndani kama mawe, anachanganya zebaki ili ikamate dhahabu, anachoma kwenye kikaango, moshi wake ni sumu.

Jikoni. Anapolala mtoto.

Nilimfuata. Hata hakukataa.

"Shemeji, unanitisha kama vile nachimba," akasema. "Hizi si simu tu?"

"Mikono ya bibi iliuawa na nini, Danford?"

Akageuka kuangalia jikoni. Akakaa chini, juu ya gunia lake la bodi.

Mama alikuwa mlangoni, kasikia yote. Nilijiandaa kwa matusi. Akauliza polepole.

"Kwa hiyo mama hakurudi?"

Alilia kuliko siku ya msiba. Siku ya msiba tulilia wengi, safari hii alimzika peke yake.

Lilian sasa anaishi kwangu, Nyasho, mjini Musoma. Kikombe anashika, ingawa mkono wa kushoto bado una wasiwasi. Danford kaacha kuchoma. Kinachotengenezeka anawapa mafundi, bodi anazifunga ziende kwa wenye mitambo ya kuziyeyusha.

Ila nyie mnaovaa tai maofisini, mimi nawakumbuka sura zenu. Mlitumia kompyuta ikiwa hai, maiti yake mkamwachia mtoto wa Kiabakari.

Na wewe unayesoma kwenye simu yako: ikifa, usiichome, usiitupe shimoni. Aliyekuuzia mpya mwambie apokee ya zamani. Akigoma, piga kelele.

Juzi gari limeleta magunia mengine ya kompyuta na simu mbovu pale nyumbani Kiabakari. Mama akasimama mbele yake na jembe.

"Mama yangu nimemzika mara mbili," akamwambia dereva. "Mjukuu simziki. Geuza."

Akageuza.